Kama vinu vya nyuklia ni salama, wanachunguza nini tena?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Nimesoma kwamba vinu vya nyuklia vinafua umeme tangu miaka ya 1950, na bado fedha nyingi zinamwagwa kwenye utafiti wa usalama wake. Kwa akili yangu ya kawaida, kitu kilichokwisha kujulikana hakichunguzwi kila siku. Ama hawakijui, ama kuna wanachotuficha. La pili, mwenye kinu anataka umeme wa bei nafuu na mtafiti anataka usalama. Mmoja akipata, mwingine si anakosa? Na siku hizi kuna kompyuta, kwa nini wasihesabu tu wakamaliza? Naomba unijibu bila kuzunguka.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeomba nisizunguke, basi naanzia kwenye kipande cha chuma, maana ndicho kilichonilisha miaka mingi. Siwezi kusema nilikishika, kwa sababu hakishikiki kwa mkono wa mtu.

Ukubwa wake ni kama kidole kidogo cha mkono: urefu milimita 55, upana 10, unene 10. Katikati kina mkato wa umbo la V wenye kina cha milimita 2. Kimechongwa kutoka kwenye chuma kilekile kilichotengeneza chombo cha kinu, yaani lile pipa kubwa lenye ukuta wa unene wa sentimita 20 hivi, ambamo fueli ya urani hukaa na maji ya moto hupita kwa shinikizo kubwa. Kabla kinu hakijawashwa, vipande vya namna hii hufungiwa kwenye vikasha na kuwekwa ndani ya chombo, karibu na fueli kuliko ukuta wenyewe. Hapo vinapigwa na nyutroni, yaani chembe ndogo mno zinazorushwa na fueli, nyingi kuliko ukuta, kwa hiyo vinazeeka haraka kuliko ukuta. Ni kama kumtuma mtu atangulie akaone njia.

Baada ya miaka kadhaa kikasha kimoja kinatolewa na kupelekwa maabara. Huko unasimama mbele ya dirisha la kioo chenye madini ya risasi, nene kama ukuta wa ngome, na unaendesha mikono ya mashine iliyo upande wa pili. Unakiokota kipande, unakilaza kwenye mashine, unaachia nyundo inayobembea. Kipande kinavunjika, na kipimo kinakuonyesha nyundo imepoteza nguvu kiasi gani. Mimi nilikuwa naangalia zaidi uso wa mvunjiko. Chuma chenye afya hujikunja kabla ya kukatika, na uso wake unakuwa wa kijivu, wenye nyuzinyuzi. Chuma kilichochoka hukatika kama kigae, na uso wake unameremeta kama sukari.

Kila chuma cha aina hii kina kiwango cha joto ambacho chini yake huvunjika kama kigae. Nyutroni hukipandisha kiwango hicho, kwa kuwa huzigonga atomi za chuma na kuzihamisha mahali pake, na atomi za shaba zilizojificha ndani zinapata nafasi ya kukusanyika katika vijungu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Katika baadhi ya mishono ya zamani, yaani pale vipande vya chombo vilipounganishwa kwa kulehemu, kiwango hicho kimepanda kwa zaidi ya nyuzijoto 100. Na hiyo shaba ilitoka wapi? Kwenye waya wa kulehemu. Mafundi wa miaka ya 1960 walitumia waya uliopakwa shaba usipate kutu. Ilikuwa desturi nzuri ya karakana, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitilia shaka mpaka vipande vya kwanza vilipoanza kuvunjwa. Baada ya hapo waya wa aina hiyo uliachwa, lakini vyombo vilivyokwisha kulehemiwa vilibaki na shaba yake. Chombo cha kinu, tofauti na karibu kila kitu kingine mle ndani, hakibadilishwi.

Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Kilichojulikana miaka ya 1960 kilikuwa kinu kipya. Tabia ya kinu cha miaka 40 haikuweza kupimwa kabla hakijafika miaka 40, na sasa wenye vinu Marekani wanaomba leseni za kufika miaka 80. (Ile 40 ya mwanzo, kwa taarifa yako, haikutoka kwenye hesabu za chuma. Ilichaguliwa kwa sababu za kiuchumi na za sheria za ushindani wa biashara, na wengi wanaoinukuu kama tarehe ya mwisho wa uhai wa kinu hawalijui hilo.) Hakuna anayeficha kitu. Vipimo hivi hupelekwa kwa wasimamizi, na kwa vinu vya Marekani ripoti nyingi mtu yeyote anaweza kuzisoma, kama ana uvumilivu.

Sasa swali la pili, ambalo naona ndilo lililokuuma zaidi.

Machi 1978, kwenye kinu cha Rancho Seco huko California, mtu mmoja alikuwa anabadilisha balbu ndogo ya kitufe kwenye paneli ya chumba cha udhibiti. Balbu ikamponyoka, ikaangukia ndani ya paneli na kupiga shoti. Vipimo vingi vikakosa umeme, na mitambo iliyokuwa inafuata vipimo hivyo ikapotea njia. Maji ya kinu yakapozwa kutoka nyuzijoto zaidi ya 300 hadi 140 hivi kwa muda wa saa moja na kidogo, huku shinikizo likiwa bado juu. Chombo kilikuwa kichanga, hakikudhurika. Lakini wataalamu waliosoma ripoti ile walipata baridi mwilini: je, kingekuwa chombo kizee chenye shaba nyingi kwenye mishono, na ufa mdogo mahali fulani? Unajua glasi iliyotoka kwenye maji ya moto inavyofanya ukiimwagia maji baridi.

Mwaka 1985 Tume ya Usimamizi wa Nyuklia ya Marekani, NRC, ikaweka kikomo cha uzee wa chuma kwa ajili ya hali kama ile. Kwa kuwa ujuzi ulikuwa mchache, kila pasipojulikana walichukulia liwe baya kabisa. Walifanya sawa, ukiwa gizani unatembea taratibu. Ila kutembea taratibu kuna gharama. Kinu cha Yankee Rowe, Massachusetts, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilizimwa mwaka 1991 na hakikuwashwa tena. Hakikupasuka wala kuvuja. Wenyewe walishindwa kuthibitisha hali ya chombo chao, kwa sababu hawakuwa na vipimo vya kutosha vya chuma chake na hawakuwa na uhakika mishono yake ina shaba kiasi gani. Huenda chombo kilikuwa kizima. Huenda hakikuwa. Hilo "huenda" ndilo lililofunga kinu.

Watafiti nao waliendelea. Walikata vyombo ambavyo havikuwahi kufua umeme wa kuuza, wakahesabu kasoro moja moja kwenye mishono. Walirudia mahesabu ya namna maji baridi yanavyochanganyika na ya moto. Ikaonekana hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2010 NRC ikatoa kanuni mbadala isiyobana sana, kwa sharti kwamba mwenye kinu akague kwanza kasoro za chombo chake mwenyewe. Tazama jambo hilo vizuri. Mwenye kinu alipata miaka zaidi ya kufua umeme, na raia akapata chombo kilichokaguliwa badala ya kilichokisiwa. Wote wawili wamekula sahani moja.

Wafini walikuwa wamepita njia nyingine. Mwaka 1996, kwenye kinu cha kwanza cha Loviisa, walishusha tanuri la umeme ndani ya chombo na kuupasha mshono wa katikati kufika nyuzijoto 475 hivi kwa siku kadhaa, ili atomi zilizosukumwa zirudi mahali pake. Chuma kikarudi ujana, karibu. Warusi ndio waliotangulia kufanya hivyo kwenye vinu vya aina ileile. Mimi kazi ile naiona nzuri kuliko nyingi zilizopata sifa kubwa.

Kuna utafiti mwingine ambao hausisimui mtu, na kwa maoni yangu ndio umeokoa watu wengi na fedha nyingi: utafiti wa maji. Desemba 1986, kwenye kituo cha Surry, Virginia, kona ya bomba la maji ya moto, mbali kabisa na kinu chenyewe, ilipasuka na kuua wafanyakazi wanne. Hapakuwa na mionzi. Kilichoua ni maji moto na mvuke. Bomba lilikuwa limelika kwa ndani. Maji safi sana, ya moto, yanayokwenda kasi, huyeyusha ule utando mweusi unaokinga chuma, utando unajijenga tena, unayeyushwa tena, na kila mara ukuta unapungua. Mahali pabaya ni kwenye kona na baada ya vizuizi, ambapo mkondo huvurugika. Watafiti walijifunza joto gani linauma zaidi, na kwamba kromiamu kidogo tu ndani ya chuma, hata sehemu moja kwa elfu, hupunguza sana ulikaji huo. Zikaandikwa programu za kuwaambia mafundi wakapime bomba lipi kwanza.

Lakini sikiliza yaliyotokea Agosti 2004 huko Mihama, Japani. Bomba la namna hiyohiyo lilipasuka, wafanyakazi watano wakafa. Ukuta wake ulikuwa milimita 10 siku lilipofungwa. Mahali lilipopasukia ilikuwa imebaki chini ya milimita 2. Ujuzi ulikuwepo miaka mingi. Ila kipande kile hakikuwemo kwenye orodha ya ukaguzi, na tangu kinu kianze kazi mwaka 1976 hakuna aliyewahi kukipima. Nikiwafundisha vijana huwa naligusa jambo hili mapema, kabla hawajaanza kupenda hesabu zao.

Maji hayohayo yana habari njema pia. Miaka ya 1980 ilionekana kwamba baadhi ya vinu vya maji yanayochemka vilikuwa na mionzi kidogo kwenye mabomba yake kuliko vingine vilivyofanana navyo. Tofauti ilikuwa kwenye mitambo ya kupozea mvuke: ya vile vyenye mionzi kidogo ilikuwa na mirija ya mchanganyiko wa shaba na zinki. Zinki kidogo ilikuwa inayeyuka ndani ya maji na kukalia viti ambavyo kobalti yenye mionzi ingekalia kwenye utando wa mabomba. Basi wakaanza kuitia makusudi, kinu cha Hope Creek, New Jersey, mwaka 1987 kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Ikabidi baadaye watumie zinki iliyochujwa, kwa sababu ya kawaida ina aina moja ambayo nayo hugeuka kuwa ya mionzi. Kila dawa na matatizo yake. Faida yake huionei kwenye vitabu vya usalama peke yake. Fundi anayefanya kazi penye mionzi kidogo anaweza kukaa na kumaliza kazi, badala ya kupokezana na wenzake watano kila mmoja kwa dakika chache. Kinu kinawashwa mapema. Na kinu cha megawati 1,000 kikilala siku moja, uniti milioni 24 za umeme hazikufuliwa, ilhali mishahara na madeni vinaendelea kama kawaida. Gharama kubwa ya kinu ni kukijenga. Fueli ni sehemu ndogo. Ndiyo maana kuzimika bila kupanga kunamuuma mwenye kinu kuliko kitu kingine chochote, na kila kuzimika kwa ghafla ni mtihani kwa mitambo ya usalama vilevile.

Ningekuwa nakudanganya kama ningeishia hapo na kukuambia hawagombani kamwe. Wanagombana, na wanagombania kalenda.

Wafaransa, mwaka 1991 kwenye kituo cha Bugey, waligundua ufa kwenye mmoja wa mirija inayopenya kifuniko cha chombo. Metali yake ina nikeli nyingi, na ikikaa ndani ya maji ya moto huku imevutwa kwa nguvu iliyobaki baada ya kulehemu, hupasuka polepole. Mapema mwaka 2001 nyufa mbaya zaidi zilionekana Oconee, South Carolina. NRC ikaanza kuwauliza wenye vinu vya namna hiyo wakague lini. Kinu cha Davis-Besse, Ohio, kilikuwa miongoni mwa vilivyotakiwa kukaguliwa kabla mwaka haujaisha. Majadiliano yakafanyika, kikaruhusiwa kuendelea hadi katikati ya Februari 2002. Machi, wakati wa matengenezo, mafundi waligundua shimo kwenye kifuniko, pana kuliko kiganja. Maji yaliyovuja kwenye ufa yalikuwa na asidi ya boroni, na asidi ilikuwa imekula unene wote wa chuma cha kifuniko, sentimita 15 na zaidi. Kilichobaki kuzuia shinikizo la karibu mara 150 ya lile la hewa kilikuwa ule utando wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, usiofika sentimita moja, tena ulikuwa umeanza kuvimba.

Utafiti ulikuwa umeshasema. Mabaki ya asidi, meupe na mekundu kwa kutu, yalikuwa yameonekana juu ya kifuniko miaka kadhaa kabla. Zile wiki chache za umeme ziligeuka miaka miwili ya kuzima kinu. Kwa hiyo hata mwenye kuhesabu fedha tu, asiyejali kingine, alikosea hesabu. Ila hilo linajulikana baada ya shimo kuonekana. Kabla yake, anayedai kinu kizimwe ndiye anayeonekana mpotezaji.

Kuhusu kompyuta. Kituo cha San Onofre, California, kilifunga jenereta mpya za mvuke mwaka 2010 na 2011. Hizi ni mitungi mikubwa yenye maelfu ya mirija myembamba, ambayo maji ya kinu hupita ndani yake na kuchemsha maji mengine kwa nje. Januari 2012 mrija mmoja ukavuja. Walipofungua, walikuta mirija imekuwa ikigongana na kusuguana, kwa sababu mvuke ulikuwa unakwenda kasi kuliko programu ya wabunifu ilivyosema, na mirija ikatikisika kwa upande ambao haikutazamiwa kutikisika. Mwaka 2013 vinu vyote viwili vikafungwa moja kwa moja. Programu haikuwa mbovu kwa kazi ilizozoea. Ilipelekwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kwenda na vipimo, nayo ikajibu kwa ujasiri uleule. Kompyuta tunaitumia kila saa, usinielewe vibaya, lakini inakula vipimo, na mtu lazima avilime.

Shamba la vipimo hivyo linapungua. Kinu cha utafiti cha Halden, Norwei, kilichochimbiwa ndani ya kilima, kilifanyia majaribio fueli na metali za nchi nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilifungwa mwaka 2018. Wakati huohuo kazi mpya inaongezeka. Baada ya ajali ya kituo cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, ambako maganda ya fueli ya zirkoniamu yalipopata joto kali yaliungana na mvuke na kutoa haidrojeni iliyolipua majengo, makampuni yanajaribu kuyapaka maganda hayo kromiamu, utando mwembamba kuliko unywele. Vifurushi vya majaribio viko ndani ya vinu vinavyofua umeme, na vinatakiwa kutolewa na kukatwa ili vitazamwe. Fueli hizo zikifaulu zitawapa waendeshaji muda zaidi siku ya ajali, na wenye vinu wanatumaini zitakaa ndani muda mrefu kabla ya kubadilishwa. Mimi sina papara nazo. Mwenzangu mmoja ana haraka kuliko mimi, na tumeshabishana sana.

Nirudi kwenye kipande changu. Waliojenga vinu vya zamani waliweka vikasha vya kutosha miaka 40. Hakuna aliyewaza 80. Vinu vingi sasa vimebakiwa na vikasha vichache, na kuweka vipya hakusaidii sana, maana chuma cha asili kilikwisha na mafundi waliokilehemu wamestaafu au wamefariki. Kwa hiyo tumerudi ghalani. Vile vipande vilivyovunjwa kwa nyundo miaka ya 1970 na 1980 vilihifadhiwa, nusu mbili mbili, kwenye makopo ya risasi yenye maandishi yaliyofifia. Kutoka kwenye nusu hizo tunachonga vipande vidogo zaidi, unene wake milimita 4, kila kimoja na ufa wake uliotengenezwa makusudi, na tunavivuta taratibu mpaka vikatike. Kipande kilichotoa jibu moja mwaka 1983 kinatoa majibu mengine kadhaa leo. Wiki niliyopokea barua yako nilikuwa natafuta nusu moja ambayo daftari linasema ipo na kopo linasema haipo. Tumelifungua kopo la pili leo asubuhi.